Siku nane Kilwa: shajara ya kujenga tovuti ya wanafunzi

Siku ya 1, Jumatatu. Kilwa Masoko

Wanafunzi 12 wa kidato cha tatu, walimu wawili, kurasa 18. Tovuti itahusu Kilwa peke yake: mikoko na bahari, magofu na vita, uvuvi na masimulizi ya wazee. Vikundi ni vitatu vya watu wanne wanne: Mazingira, Historia na Utamaduni. Kila kikundi kina kurasa sita za kuandika.

Kompyuta haitaguswa hadi Jumamosi, na hilo limepangwa. Tovuti nyingi za shule huanzia kwenye rangi na mapambo ya ukurasa wa mbele, kisha maneno ya kujazia hutafutwa baadaye. Kinachopatikana ni aya zilizonakiliwa kwingine, ambazo mzee wa Kilwa Kisiwani akisomewa hatambui kwamba zinasema habari za kwao. Kurasa zinajengwa ufukweni, kwa daftari. Jumamosi ni ya kuzivisha nguo tu.

Vifaa kwa kila kikundi: simu janja moja ya kupigia picha, kadi ya memori ya GB 16, pawabanki moja, futi kamba ya mita 30, daftari la jalada gumu, penseli mbili (wino huyeyuka maji ya chumvi yakirukia) na mfuko wa plastiki wa kufungia simu. Kila kikundi kimetengeneza fimbo ya mita moja iliyopakwa rangi nyeupe na nyeusi kwa kupokezana, kila sentimita 20. Fimbo hiyo husimamishwa pembeni mwa kila kitu kinachopigwa picha. Picha ya ukuta isiyo na kipimo haimwambii msomaji kama ukuta unamfika kiunoni au unamzidi kimo.

Asubuhi imetumika kwenye vibali. Huvuki kwenda Kisiwani au Songo Mnara kutembelea magofu bila kupita ofisi ya magofu hapa Masoko kulipia na kuandikishwa, na kundi linalokusudia kuchapisha picha lieleze hivyo mapema. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 imesomwa kwa sauti, sehemu zinazowahusu wanafunzi: hakuna kuokota kigae, ushanga wala sarafu. Kitu kikionekana kinapigwa picha pale pale kilipo na kuachwa. Kikiinuliwa hata kwa dakika moja, habari yake kubwa imepotea, kwa sababu mchimbaji husoma tabaka la udongo kilimolala kitu pamoja na kitu chenyewe.

Kisha zikafundishwa alama nne, ambazo ndizo uti wa mgongo wa kazi yote. Kila sentensi inayoingia daftarini hupewa herufi pembeni: M kwa kilichoonwa kwa macho, S kwa simulizi la mtu, A kwa andiko la kale, C kwa kilichochimbwa na wataalamu. Sentensi isiyo na herufi haiingii kwenye tovuti. Inaonekana kama ukali, lakini Kilwa haiandikiki bila hiyo. Tarikh ya Kilwa, iliyoandikwa kwa Kiarabu katika karne ya 16, inasema Ali bin al-Hasan alikinunua kisiwa kwa nguo zilizotosha kukizunguka. Hiyo ni A, na hadithi hiyo bado inasimuliwa, kwa hiyo ni S pia. Wachimbaji nao wanaonyesha kwamba watu waliishi kisiwani tangu karne ya 9. Hiyo ni C. Ukizichanganya hizi tatu katika sentensi moja isiyo na alama, msomaji hajui ashike lipi.

Jioni limetazamwa jedwali la maji. Leo mwezi ni mwandamo, kwa hiyo siku hizi tatu nne ni za bamvua: maji yanajaa sana na kupwa sana. Leo yamepwa kabisa saa 4 na robo asubuhi. Kila siku yatachelewa kwa dakika 50 hivi, na safari nzima imepangwa kwa hesabu hiyo.

Siku ya 2, Jumanne. Kilwa Kisiwani

Kutoka Masoko hadi Kisiwani ni kama kilomita mbili za maji. Tumevuka kwa mashua saa 1 na nusu asubuhi, maji yakiendelea kutoka, ili kupata jua la chini. Hili ni jambo la picha, na watu hulipuuza. Maandishi na nakshi kwenye jiwe la matumbawe huonekana jua linapolala ubavuni, kwa sababu kila mchongo hutupa kivuli chake. Saa 6 mchana jiwe hilo hilo ni bapa jeupe. Kwa hiyo asubuhi ni ya kuta na maandishi, mchana ni wa kupima na kuandika, alasiri ni ya wazee.

Kituo cha kwanza ni Gereza, jengo kubwa la kwanza unaloliona ukishuka. Kosa lilitokea hapo hapo: daftari mbili kati ya tatu ziliandika "Ngome ya Wareno, 1505". Wareno chini ya Francisco de Almeida waliuteka mji Julai 1505, wakajenga ngome, wakaondoka 1512. Lakini sehemu kubwa ya kuta zinazosimama leo ni za zama za Waomani, karne tatu baadaye. Jina la picha limesahihishwa kuwa "Gereza: kuta za zama za Waomani, mahali palipokuwa na ngome ya Wareno". Ni refu, lakini ndilo la kweli.

Upande wa bahari wa jengo hilo umepigwa picha kwa kipimo: mbali, kati, karibu. Mawimbi yamekuwa yakiula ukingo kwa miaka mingi. Kilwa Kisiwani na Songo Mnara ziliingia katika Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 1981, zikawekwa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini 2004, zikatolewa 2014 baada ya kazi ya ukarabati na kuzuia mmomonyoko. Picha hii inafaa kurudiwa kila mwaka kutoka mahali pale pale, kwa hiyo pamechaguliwa pa kusimama panapopatikana tena na daftarini pameandikwa hatua ngapi kutoka kona gani.

Msikiti Mkuu umechukua saa tatu, na ulistahili. Sehemu ya kaskazini ndiyo kongwe. Ile ya kusini, pana zaidi, yenye kuba na matao, iliongezwa katika karne ya 14, wakati Kilwa ilipokuwa imeshika biashara ya dhahabu ya Sofala, katika Msumbiji ya leo. Wanafunzi wameagizwa wasipige picha za kuba kwanza, kwani kila mtu hupiga hizo. Kwanza wachore mpango wa sakafu kwa penseli: nguzo ziko wapi, mihrabu iko wapi, mshono wa ukuta wa zamani na mpya uko wapi. Mshono huo ndio habari yenyewe, na mwanafunzi aliyeuchora haandiki tena kwamba msikiti "ulijengwa mwaka fulani".

Kosa la pili la siku lilihusu saa. Simu huandika 14:20, mwanafunzi huandika saa 8 na dakika 20. Wengine, kwa haraka, waliandika "saa 14". Kufikia mchana picha 9 hazikulingana na maelezo yake. Kanuni iliyokubaliwa: katika jina la faili tunatumia saa za simu, katika maandishi ya ukurasa tunatumia saa za Kiswahili, na daftari huwa na safu mbili kandokando.

Majina ya faili yanatolewa siku hiyo hiyo kabla ya kulala, kwa mtindo mmoja: siku, kikundi, namba, kitu. Mfano: s2-hist-014-msikiti-mkuu-kaskazini.jpg. Herufi ndogo tupu, bila nafasi, bila herufi za Kiarabu. Sababu itaonekana Jumapili.

Siku ya 3, Jumatano. Husuni Kubwa asubuhi, mikoko mchana

Husuni Kubwa iko mwendo wa kama kilomita moja mashariki ya mji wa kale, juu ya ukingo wa mwamba unaotazama bahari. Ni jumba la mwanzo wa karne ya 14 la Sultani al-Hasan bin Sulaiman, aliyeitwa Abu al-Mawahib kwa ukarimu wake. Msafiri Ibn Battuta wa Morocco alifika Kilwa sultani huyo akiwa ndiye mtawala, mwaka 1331. Vyumba vyake vinazidi mia, na kitu kinachokumbukwa na kila mgeni ni bwawa la pembe nane.

Hapa kikundi cha Historia kimefundishwa kubadili miaka ya Hijria, maana makaburi na maandishi ya pwani hutumia hiyo. Njia ya haraka: zidisha mwaka wa Hijria kwa 0.97, jumlisha 622. Mwaka 731 unatoa 709 na 622, yaani 1331. Kosa la kawaida ni kujumlisha 622 moja kwa moja, ukapata 1353 na kumpeleka Ibn Battuta miaka 22 mbele. Mwaka wa Hijria hufuata mwezi na una siku 354 au 355, ndiyo maana. Kwenye ukurasa miaka yote miwili inaandikwa, wa Hijria kwanza kama ndio ulio kwenye jiwe.

Saa 6 kasorobo maji yalipwa kabisa na kikundi cha Mazingira kikaingia matopeni. Viatu vya kufunga kamba, si ndala: ndala hubaki chini ya tope, na kombe za chaza zilizoshika mizizi hukata mguu kama wembe. Simu hufungwa shingoni ndani ya mfuko.

Watu husema "mikoko" kwa msitu mzima, lakini mkoko ni mti mmoja katika jamii ya miti mingi, na ukurasa unaosema "mikoko ni mti wa pwani" hauna faida kwa mtoto wa mvuvi anayejua zaidi ya hapo. Wanafunzi wametambua miti kwa kuangalia mizizi kwanza, kwa kuwa majani hufanana. Mkoko wenyewe husimama kwa mizizi ya miguu iliyopinda kutoka shinani. Mchu hutoa mizizi myembamba inayochomoza topeni kama penseli mamia kwa mamia, na upande wa chini wa jani ni wa kijivujivu. Ukilamba jani utaonja chumvi ambayo mti umeitoa. Msinzi una mizizi iliyokunjwa kama magoti. Mlilana hukaa mbele kabisa, unaopigwa na maji, na vichomozi vyake ni vinene. Mkandaa ni mfupi, gome lake hutoa rangi nyekundu ya kutilia nyavu na ngozi. Mkomafi unatambulika kwa tunda lake kubwa la duara, ambalo likipasuka mbegu zake hutoka vipande vyenye kona, na kuvirudisha vilivyokaa ni kazi.

Kwa kila mti picha nne: mzizi, gome, jani pande zote mbili, na ua au tunda. Picha ya mti mzima kutoka mbali haitambulishi kitu.

Mchana huu ndipo tovuti ilipopata umbo. Kikundi cha Historia kilikuwa kimepima upana wa vyumba kwenye magofu, na namba zilikuwa zikirudi zile zile: urefu hubadilika, upana hauzidi mita 3 hivi. Sababu imesimama matopeni. Dari ya jiwe ilibebwa na boriti, boriti ni mti wa mikokoni, na boriti nzuri iliyonyooka haiwezi kubeba uzito huo katika upana mkubwa zaidi. Msitu ndio uliopima chumba. Boriti hizo hizo zilipakiwa majahazini zikapelekwa mpaka Ghuba ya Uajemi, ambako nyumba nazo zikawa na vyumba vyembamba. Kwa hiyo ukurasa wa mkoko utaunganishwa na ukurasa wa nyumba ya mawe, na huo wa nyumba na ukurasa wa jahazi. Menyu ya "Mazingira, Historia, Utamaduni" itabaki juu kwa anayeitaka, lakini njia halisi ya kutembea ndani ya tovuti ni viungo vya namna hii.

Siku ya 4, Alhamisi. Songo Mnara

Maji kujaa saa 12 na nusu asubuhi, kupwa saa 6 na dakika 40 mchana. Boti ya mashine iliondoka alfajiri ili kufika maji yakiwa bado yanatosha, maana kushukia ni katikati ya mikoko. Anayechelewa hutembea majini na vifaa kichwani. Ukifika umefika: boti hukaa juu ya mchanga hadi alasiri. Chukua maji ya kunywa lita 3 kwa kila mtu, kivuli ni kidogo.

Songo Mnara ni mji wa mawe wa karne ya 14 hadi 16: misikiti mitano, jumba, na nyumba za makazi 33 hivi ndani ya ukuta. Hapa nyumba zinasomeka vizuri kuliko Kisiwani, kwa sababu mji uliachwa na haukujengwa tena juu yake. Kazi ya siku ilikuwa nyumba moja tu, kila chumba, kila mlango, kila shubaka la ukutani. Nyumba moja iliyopimwa kikamilifu inafaa kuliko picha mia za mji mzima.

Viwianishi vimechukuliwa hapa kwa simu: simama pa wazi, subiri dakika mbili, andika namba ikiacha kuchezacheza. Chini ya mti mkubwa au kati ya kuta ndefu namba inaweza kukosea kwa makumi ya mita.

Siku ya 5, Ijumaa. Kilwa Kivinje

Kivinje ni karibu kilomita 30 kutoka Masoko kwa barabara, kupitia Nangurukuru. Ni mji wa karne ya 19, wa misafara ya watumwa na pembe kutoka bara, kisha makao ya Wajerumani. Asubuhi ni ya majengo na mitaa. Adhuhuri hakuna mzee wa kuhojiwa, ni swala ya Ijumaa. Mazungumzo yamepangwa baada ya alasiri, na barua za kuomba zilikuwa zimetangulia wiki mbili.

Mahali panapoitwa Mwembe Kinyonga panabeba jina la kazi ya kunyonga watu iliyofanyika hapo chini ya Wajerumani. Hassan bin Omari Makunganya alinyongwa Kivinje mwaka 1895. Miaka kumi baadaye vikaja Vita vya Majimaji. Rasimu ya kwanza ya wanafunzi iliandika kwamba vita "vilianzia Kivinje". Havikuanzia hapa. Vilianza mwishoni mwa Julai 1905 Nandete, katika vilima vya Matumbi, watu walipong'oa pamba waliyolazimishwa kulima. Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe, aliyetoa maji ya dawa, alinyongwa Mohoro tarehe 4 Agosti 1905, vita vikiwa ndiyo kwanza vinaenea. Vilikwisha 1907. Maneno haya yamepewa alama A, na yale waliyoyasimulia wazee kuhusu familia zao yamepewa S na kubaki kama yalivyosemwa, bila kulazimishwa yalingane na kitabu.

Namna ya kurekodi. Salamu kwanza, na salamu haina haraka: shikamoo, hali, watoto, shamba, bahari. Halafu mwanafunzi anasoma ombi la idhini kwa sauti. Lina maswali matatu tofauti: tuandike? turekodi sauti? tupige picha? Mtu anaweza kukubali moja na kukataa mawili. Bibi mmoja ametoa sauti na kukataa picha, basi ukurasa wake utakuwa na sauti na picha ya jamvi alilokuwa akisuka. Tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 jambo hili lina nguvu ya kisheria, lakini adabu ilitangulia sheria. Jina linawekwa vile mwenyewe alivyotaka liwekwe. Nyuso na majina kamili ya wanafunzi hayaingii kabisa.

Simu ya kurekodia huwekwa hali ya ndege, kwa sababu ikitafuta mtandao huacha mlio wa kukwaruza ndani ya sauti. Umbali na mdomo ni sentimita 20 hadi 30. Upepo wa pwani huharibu zaidi ya kelele za watoto: funika tundu la kipaza sauti kwa soksi safi ya pamba na ukae upande wa ukuta usiopigwa na kusi. Kaa kimya sekunde 10 mwanzoni ili upate sauti ya mahali penyewe, itasaidia wakati wa kusafisha. Halafu usimjibu mzee "ehee" kila sentensi. Kwa Mswahili ni vigumu, kunyamaza huonekana kama ufidhuli, kwa hiyo mweleze tangu mwanzo kwamba utaitikia kwa kichwa.

Rekodi ya dakika 40, sauti ya njia moja isiyobanwa, inachukua takribani MB 212. Hesabu kadi kabla ya kuanza. Kikundi cha Utamaduni kiliishiwa nafasi dakika ya 31 kwa sababu kadi ilikuwa na video za Jumanne, na simulizi la uvuvi wa dema, mtego wa samaki, na mtando lilibidi liandikwe kwa mkono kuanzia hapo.

Siku ya 6, Jumamosi. Maabara ya kompyuta: kuchambua

Kazi ya kwanza ni nakala tatu: moja kwenye kompyuta, moja kwenye diski ya nje, moja kwenye kadi inayowekwa jengo lingine. Kadi za safari hazifutwi mpaka nakala zote tatu zimefunguliwa na kuonekana.

Picha zilizorudi ni 611. Zitakazotumika ni chini ya 90. Mchujo: kama picha haina maelezo daftarini, inatoka, hata ikiwa nzuri. Kuna mwanafunzi aliyetaka kuitetea picha ya machweo, ikakataliwa, kwani haielezi Kilwa zaidi ya inavyoeleza pwani nyingine yoyote.

Picha ya simu ina MB 3 hadi 4. Kwa intaneti ya megabiti 1 kwa sekunde, MB 4 ni nusu dakika ya kusubiri, na bando la msomaji linaliwa. Kila picha imepunguzwa hadi upana wa pikseli 1200, JPEG ya ubora wa asilimia 75, na lengo ni chini ya KB 150. Ukurasa mzima usizidi KB 500, ambao kwa kasi ile ile unafunguka kwa sekunde nne. Tumetumia GIMP, programu ya picha ya bure. Picha za asili hazipunguzwi, hupunguzwa nakala. Zilizopigwa kwa iPhone zilikuwa faili za aina ya HEIC, ambazo vivinjari vingi havionyeshi, zikageuzwa kwanza.

Taarifa zilizofichwa ndani ya picha zimefutwa kwenye nakala za tovuti. Simu huandika ndani yake mahali picha ilipopigwa. Kwa msikiti si siri. Kwa ua wa nyumba ya bibi, au kwa mahali ambapo vigae vimelala juu ya ardhi, ni kumwonyesha mtu njia.

Sauti zimesafishwa kwa programu ya Audacity na kutolewa MP3 ya njia moja, kilobiti 48 kwa sekunde: KB 360 kwa dakika. Hakuna faili inayozidi dakika 5. Chini ya kila sauti yapo maandishi yake yote, maana asiye na bando atasoma. Kuandika dakika 10 za mazungumzo huchukua saa nzima au zaidi, na hapa ndipo kazi za namna hii hukwama. Lugha haikusahihishwa. Mzee akisema kwa lafudhi ya kwao, inaandikwa ya kwao, na neno gumu linaelezwa chini.

Umeme ulikatika saa 8 hadi saa 11. Maandishi yaliendelea kwenye simu.

Siku ya 7, Jumapili. Kujenga

Kurasa za HTML za kawaida, faili moja la mtindo kwa kurasa zote, hakuna mfumo mkubwa wa kuendesha. Mfumo wenye kanzidata unahitaji mtu wa kuusasisha kila mwezi, na wanafunzi wa kidato cha tatu huhitimu na kuondoka. Faili tupu hukaa miaka bila kuguswa. Kila ukurasa umehifadhiwa kwa UTF-8 (mfumo wa kuhifadhi herufi) na kutangazwa lang="sw", ili programu zinazowasomea wasioona na zile za kutafsiri zijue ni Kiswahili. Chini ya kila picha kuna maelezo, na ndani ya kila picha kuna maandishi mbadala yanayosema kinachoonekana. "Picha ya 3" si maandishi mbadala. "Mizizi ya mchu ikichomoza topeni, fimbo ya mita moja pembeni" ndiyo.

Makosa yaliyotokea, kwa mpangilio:

Picha 14 zilionekana kwenye kompyuta, zikapotea kwenye seva ya majaribio. Windows haitofautishi Gereza.JPG na gereza.jpg, seva za Linux hutofautisha. Zote 14 zilikuwa za kikundi ambacho hakikufuata kanuni ya Jumanne.

Tovuti ilipofunguliwa kutoka kwenye kadi ya memori, bila intaneti, hakuna picha hata moja iliyokuja. Njia za faili zilikuwa zimeanza na mkwaju, /picha/..., ambao huanzia mzizi wa seva. Ukiondoa mkwaju wa mbele na kuandika njia kutoka pale ulipo ukurasa, inafanya kazi kote kuwili.

Ramani ilichukua mchana wote. Kisiwani iko digrii 8, dakika 57, sekunde 28 kusini. Na 39, 31, 22 mashariki. Mwanafunzi wa kwanza aliandika 8.5728 na 39.3122, kana kwamba dakika ni desimali, alama ikahama karibu kilomita 50 kaskazini-magharibi. Dakika hugawanywa kwa 60 na sekunde kwa 3600, kwa hiyo ni 8.9578 na 39.5228. Wa pili alipata namba hizo sawasawa akasahau alama ya kutoa ya kusini, na Kilwa ikatua Ethiopia, si mbali na Adama. Wa tatu aliweka alama ya kutoa lakini akageuza mpangilio, kwa sababu faili za GeoJSON, za kuhifadhi data za ramani, hutaka longitudo kwanza na Leaflet, maktaba ya programu ya kuonyeshea ramani, hutaka latitudo kwanza. Kilwa ikaangukia Ureno ya kati. Ramani zote tatu zimehifadhiwa kwa kufundishia darasa linalofuata.

Mwishoni ramani ya Leaflet imewekwa ukurasa mmoja tu, kwa kuwa inakula data. Kurasa nyingine zinatumia ramani waliyoichora wanafunzi wenyewe kwa SVG (faili ya mchoro wa mistari), KB 58, inayofunguka hata bila mtandao.

Majina ya kale yameandikwa ndani ya maandishi: Kulwa ya Ibn Battuta, Quíloa ya Wareno. Mtu anayetafuta kwa jina hilo naye afike.

Siku ya 8, Jumatatu. Kisiwani tena

Maji mafu leo, tofauti ya kujaa na kupwa ni ndogo na mashua inavuka saa yoyote. Tovuti imekuja kwenye kadi tano na simu tatu za bei nafuu, skrini ndogo, moja ina ufa. Jaribio ni moja: mtu wa kijijini anapewa simu, anaombwa atafute ukurasa wa mti anaoujua, na hakuna anayemwelekeza. Mwanafunzi anaandika anapobonyeza na anapokwama.

Watu wanne kati ya saba hawakubonyeza menyu kabisa. Walibonyeza picha. Kwa hiyo kila picha ya ukurasa wa mbele imefanywa kiungo. Maandishi ya kijivu hayakusomeka juani, yamekuwa meusi. Vitufe vilivyosogeleana viliguswa viwili kwa mpigo, vimetenganishwa.

Kisha wazee wakasomewa kurasa zinazowahusu, sentensi kwa sentensi. Masahihisho 23. Mengi ni ya majina: mlilana wengine hapa wanauita mpia, na majina yote mawili yamewekwa, hakuna lililofanywa la mabanoni. Kwenye ukurasa wa dema, mlango wa mtego ulikuwa umechorwa ukitazama juu. Mzee aliomba penseli akauchora upya, ubavuni, ukipungua kuelekea ndani ili samaki aingie na asipate pa kugeukia. Mchoro wake umepigwa picha kama ulivyo na ndio utakaokaa kwenye ukurasa, na sentensi ya chini yake imebadilishwa alama, kutoka M kuwa S.

Saa 10 jioni, maji yakiwa chini, faili zote zimehifadhiwa kama toleo la 3. Kadi mbili zimebaki kisiwani, moja kwa mwalimu wa shule ya msingi, nyingine kwa mzee wa dema, ambaye simu yake inafungua kurasa zote isipokuwa ile ya ramani.